Imani Ambayo Papa Hakupewa

Kanisani kwetu Lubunga, mtaa wa kando ya mto, Jumapili ya Meza ya Bwana kuna watu wanaotolewa nje. Hawafukuzwi kwa kelele. Mahubiri yakiisha, mchungaji husafisha koo, hushusha sauti, na kusema kwamba wale ambao si washirika sasa wanaweza kwenda kwa amani. Watoto hutoka mbio kwa furaha, wanafunzi wa ubatizo hutoka taratibu, na wale waliowekwa pembeni kwa makosa yao hutoka wakiangalia viatu. Mama yangu alikuwa akitoka pamoja nao tangu kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani anatoka kwa ajili yetu sisi watoto, ili tusipigane huko nje. Nilipobatizwa na kubaki ndani kwa mara ya kwanza, nilimwona anainuka, anakaza kitenge chake kiunoni, anapita katikati ya mabenchi. Hapo nikaelewa kwamba mama ananiacha mezani na yeye anakwenda kukaa na watoto wa watu.

Kosa lake lilikuwa papa, yaani baba yangu. Mama ni mtoto wa mto, wa ukoo wa wavuvi wa upande wa Isangi, na alibatizwa akiwa msichana. Kisha akampenda kijana aliyetoka Maniema kutafuta kazi kwenye karakana ya reli, kijana wa nyumba ya Kiislamu aliyekuwa ameacha kuswali na hajaanza kitu kingine. Kwa sheria ya kanisa letu, ndoa haibarikiwi mpaka wote wawili wawe wamebatizwa, na mwanamke anayeishi katika ndoa isiyobarikiwa haruhusiwi kula mkate wa Meza ya Bwana, hata awe mwema namna gani. Wakaoana kwa mahari na mbele ya wakubwa wa pande zote mbili, wakiamini ubatizo wa papa utafuata muda si mrefu. Haukufuata.

Na papa hakuwa mpinga dini. Angekuwa mpinga dini ningepata mtu wa kumkasirikia kwa raha zangu. Alikuja ibadani kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho, akaimba sauti ya chini vizuri kuliko nusu ya kwaya. Nyumba ya mchungaji ilipojengwa, yeye ndiye aliyechimba msingi. Watu walinong'ona kwamba bado anaswali kwa siri, lakini uvumi huo ulikufa siku alipoonekana kwa jirani na kikombe cha lotoko mkononi, maana pombe ile haina rafiki katika dini yoyote.

Kilichomshinda ni swali moja. Anayetaka ubatizo kwetu husimama mbele ya baraza la mashemasi, nao humuuliza: uliamini siku gani, na ilikuwaje? Wengine wana hadithi zao tayari. Mmoja aliota ndoto, mwingine alipona homa, mwingine alisikia wimbo akiwa shambani njia ya Masako akaanza kulia. Papa alisimama mbele ya baraza mara kadhaa katika maisha yake, na kila mara alitoa jibu lile lile. “Ile kitu, bado sijapewa.” Alilisema bila kiburi na bila huzuni, kama mkulima aliyeulizwa kama mvua imefika kwake. Mashemasi wakamwambia arudi mwaka ujao, na mama akaendelea kutoka nje.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ninaishi ng'ambo ya mto, Makiso, na Jumapili ninavuka kwa mtumbwi wa mota kwenda kusali na wazazi wangu. Sina subira na swali lisilo na jibu, wanafunzi wangu wanajua. Kwa hiyo kanisa lilipoanza kubishana juu ya dhambi ya mwanadamu na mahali imani inapotoka, nilifurahi. Nilisema moyoni, hatimaye watu wenye elimu ya mambo haya watatoa jibu, na kesi ya papa itakwisha.

Ubishi uliletwa na mwinjilisti mpya, kijana aliyetoka masomoni na tai nyembamba na Maandiko yote ndani ya simu. Jumamosi moja kwenye mafundisho alisema kwamba Mungu amempa kila mtu uwezo wa kumpokea au kumkataa. “Tuko mu maji, tunazama,” alisema. “Mungu ametupa kamba. Kamba iko mbele yako. Kushika, iyo kazi iko yako.” Watu wakaitikia amina.

Mchungaji wetu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa amekaa pembeni. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. “Ndugu, unasema mutu anazama. Mi nasema amekwisha kuzama. Iko chini kabisa, ku muchanga, amekufa. Zambi imemuua. Alors, maiti inashikaka kamba?” Akaeleza kwamba mwanadamu ameharibika hata mahali pa kutaka kwake, hawezi hata kumtamani Mungu mpaka Mungu mwenyewe amtie uhai, na kwamba imani yenyewe ni kitu unachopewa, hukitoi mfukoni mwako.

Nilikuwa nimeanza kuandika kichwani hoja ya kwanza na hoja ya pili. Lakini kanisa letu limejaa watu wa mto, na mchungaji na mwinjilisti walikuwa wamekosea kuchagua mfano. Mvuvi mmoja wa Yanonge akasimama kwa hasira ya kweli. “Batumishi ba Mungu, mutu anayezama habamupe kamba! Atakukokota na weye. Unangojea achoke, halafu unamukamata ku nywele.” Mwingine akauliza, na mwenye upara je? Mwingine akasema kule Barumbu wanamwekea kasia. Mwinjilisti alijaribu kusema kwamba nywele ndiyo neema, lakini hakuna aliyemsikiliza tena. Tulitumia saa nzima ya mafundisho kujifunza kuokoa watu mtoni.

Katikati ya kelele ile mama alisimama. Mama hazungumzi kanisani; mtu aliyewekwa pembeni hujifunza kunyamaza. Watu wakatulia polepole.

“Mi nauliza tu,” alisema. “Na mutu mwenye amesimama ku kivuko? Hajaanguka mu maji, hajapanda pirogi. Iko anaangalia tu ng'ambo, miaka yote. Ule, ni yeye anakataa kupanda, ao ni pirogi haijafika kwake?”

Kila mtu alijua anamsema nani. Papa alikuwa benchi la mwisho, anaangalia kofia yake. Mwinjilisti akajibu haraka kwamba mtumbwi umefika, umefika zamani, na asiyepanda amekataa. Mchungaji akasema, “Mama, mi sina jibu ya leo.” Wakaimba, wakafunga.

Wiki iliyofuata mwinjilisti alikuja nyumbani, amefurahi. Alikuwa ameongea na mashemasi, na wamemkumbusha kanuni moja ya zamani ambayo ilikuwa haijatumiwa kwa muda mrefu. Mwanamke ambaye mume wake ameikataa Injili hahesabiwi kosa la mume wake. Anaweza kupokelewa mezani peke yake, mradi asimame mbele ya kanisa lote na kusema kwa kinywa chake: mume wangu amekataa. Maneno matatu tu. Nilitaka kumkumbatia kijana yule na tai yake.

Mama hakufurahi. Alimshukuru, akampa ndizi za kubeba, akarudi kuchambua sombe, majani ya muhogo. Nilimfuata jikoni.

“Mama, kwani shida iko wapi? Si ni kweli? Hajabatizwa, donc amekataa.”

“Kama pasta anasema kweli, kama ni kitu banapewa, basi papa yako hajakataa kitu. Hajapewa tu. Nitasimama mbele ya Mungu kumusingizia?”

“Basi kama mwinjilisti ndiye anasema kweli?”

Aliendelea kung'oa majani kwenye mabua. “Kama ni mwinjilisti, basi kila Jumapili ile papa yako alikuwa na uwezo, kila Jumapili. Na kila Jumapili alichagua kuniacha inje. Mi niseme vile na mudomo yangu? Nikisha kusema, nitarudi kulala naye namna gani?”

Niliamua kwenda kwa mchungaji, nikamwambia aniambie moja kwa moja kama baba yangu amekataa au hajapewa. Aliniangalia kwa huruma, jambo lililozidisha hasira yangu. “Yote mbili,” alisema. “Sisi wote tulikataa, mwanangu. Mi pia nilikataa. Zambi njo ile. Halafu Mungu anachukua mutu mwenye anakataa, anamupa moyo ya kutaka.” Nikamuuliza kwa nini basi hakumpa papa, mtu aliyechimba msingi wa nyumba hii tunamokaa. Alisema hajui. Alisema ameliomba jambo hilo tangu alipofika Lubunga, na akaanza kufuta miwani. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Ubaoni, kitu hakiwezi kuwa ndiyo na hapana kwa wakati mmoja, na mwanafunzi akiniandikia hivyo ninampa sifuri.

Papa alikuwa uani amepindua baiskeli yake, anatengeneza mnyororo. Nilikaa kwenye kigogo mbele yake, nikamshambulia bila salamu.

“Papa, wewe unaombaka?”

“Naombaka. Kila asubui.”

“Unamuomba nani?”

“Yeye.”

“Sasa kama humuamini, unamuomba namna gani?”

Alifikiri, spana mkononi. “Njo ile shida,” alisema.

“Na unamuomba nini?”

“Anipe ya kumuamini.”

Niliruka. Nilimwambia hiyo ndiyo imani yenyewe, kwamba mchungaji atasema maiti haiombi, basi wewe si maiti, na mwinjilisti atasema umeshika kamba, na wote wawili watakubali, basi arudi mbele ya baraza aseme sentensi moja, moja tu, na mama atakula. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama mimi ndiye mzazi.

“Weye njo unasema ninayo,” alijibu. “Mi mwenyewe nasikia tu kama mutu anapiga hodi ku nyumba, na hajue kama mwenye nyumba iko. Banauliza siku gani niliamini. Sina siku, mwanangu. Nikisema uongo mbele ya Mungu juu ya Mungu, halafu siku moja anipe kweli, nitamuambia nini?”

“Na mama?”

Hapo alishusha macho. Alizungusha pedeli taratibu, mnyororo ukakamata, ukatoka tena. “Mama yako,” alisema, na hakumaliza. Nilimwambia mambo mengine ambayo binti hamwambii baba yake, kwamba usafi wake wa moyo unalipwa na mtu mwingine, kwamba ni rahisi kuwa mkweli ukiwa umekaa benchi la mwisho. Hakunikaripia. Niliondoka kwenda kivukoni nikiwa na hasira naye, na mchungaji, na mwinjilisti, na nikiwa na hasira na Mungu pia, nasema wazi, maana Yeye peke yake ndiye angeweza kumaliza jambo hili kwa sekunde moja.

Jumapili ya Meza ilipofika, mama alivaa kitenge chake cha sherehe. Sikumuuliza kitu. Alikuwa amewaambia mashemasi kwamba atasimama, lakini hakumwambia mtu atasema nini, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Niliketi karibu na ukuta mahali ninapoweza kumwona yeye na kumwona papa nyuma.

Mahubiri yakaisha. Badala ya kuwaruhusu watu watoke, mchungaji alitangaza kwamba mama mmoja ana neno. Watoto waliokuwa wameshainuka karibu na mlango walirudishwa. Mama akasimama. Mwinjilisti alimwitikia kwa kichwa na kutabasamu, kama mimi ninavyomfanyia mwanafunzi anayejua jibu lakini anaogopa.

“Bwana yangu,” mama alianza, akimaanisha papa.

Alishika mgongo wa benchi la mbele yake. Nilimwona anafungua mdomo na kuufunga. Shemasi mmoja akamnong'oneza, “Amekataa,” kumsaidia, na mama akatikisa kichwa, sijui kama alikuwa anakana au anakubali. Mtoto mmoja akaanza kucheka kwa aibu.

Ndipo papa akasimama nyuma. Asiye mshirika hasemi kanisani kwetu, na watu waligeuka kwa mshangao. Kofia yake alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

“Pasta, unirehemu. Mi njo nimekataa. Huyu mama hana kosa. Mumupe.”

Akaweka kofia kichwani humo humo ndani ya kanisa, akapita kati ya watoto, akatoka nje kabla hajaambiwa aende kwa amani.

Mwinjilisti alisema haleluya, akakuta hakuna aliyemwitikia, akakaa. Watoto na wengine wasio washirika wakaruhusiwa kutoka. Mchungaji alivua miwani yake, na alipoanza sala ya mkate sauti ilimkatika, akaanza tena. Mama alibaki amesimama mpaka shemasi alipomkalisha kwa mkono. Sahani ilipofika kwake aliangalia mlango, akaangalia kipande cha mkate, akaangalia mlango tena. Kisha akala. Nililia, na sikujua ninalia nini. Kama alichosema papa ni uongo, basi mtu aliyekataa kusema uongo kwa faida ya roho yake ameusema kanisani, mbele ya Meza ya Bwana, ili mke wake ale. Kama ni kweli, basi alituficha sisi wote, na hata maombi yake ya asubuhi siyaelewi. Na kuna jambo la tatu ambalo lilinijia nikiwa na kikombe mkononi. Niliwaza kwamba kama kuna mtu ndani ya nyumba ile aliyefanya siku hiyo kitu kinachofanana na kile tulichokuwa tunakikumbuka kwa mkate na kikombe, mtu huyo alikuwa nje na watoto. Nilijaribu kulipanga wazo hilo, likakataa kupangika.

Tulirudi nyumbani sote watatu. Majirani walimsalimu mama kwa kumpongeza na kumsalimu papa kwa kukwepa macho yake. Mtu aliyesema mbele ya kanisa kwamba amemkataa Mungu ni habari kubwa Lubunga. Yeye alijibu salamu zote sawa.

Mchana mama alichemsha ndizi za lituma, akaanza kuzitwanga uani. Papa alikaa karibu kwenye kiti chake, amevua viatu. Mimi nilikuwa ninachoma samaki na kujifanya sisikii. Mama alitwanga kwa muda, kisha akasimamisha mchi ndani ya kinu.

“Papa, ulisema kweli?”

“Ya kusema nimekataa?”

“Ee.”

Papa alipangusa vumbi kwenye mguu wake. “Sijue, mama. Nilifikiri sana, sijue. Niliona tu umesimama pale na ile neno inakataa kutoka. Nikaona afazali itoke kwa mi.”

“Na sasa bote banasema umekataa Mungu.”

“Baseme.”

Mama alitwanga tena kidogo, mapigo mawili matatu, akaacha. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe mahali fulani na hakioni.

“Sikia. Kama ni weye njo ulikataa, nimekusamehe. Leo pale ku meza nilikusamehe, imekwisha, sitaiongea tena. Lakini kama hukukataa. Kama uliomba miaka yote ile na ni Yeye njo alikunyima.” Aliinua mchi, akaushusha bila kutwanga. “Yeye, nitamusamehe namna gani?”

Nilisahau samaki. Nilidhani papa atasema usikufuru, au atacheka kidogo kama kawaida yake, au atanyamaza. Alimwangalia mama moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona baba yangu ana machozi.

“Ukijua namna,” alisema, “unifundishe na mi.”